Mwezi wa Senene na Saa ya Mvua

Hotuba kwa walimu wa sayansi, wakulima na wanafunzi, Bukoba

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, ndugu wakulima, na ninyi wanafunzi mliosimama huko nyuma kwa kuwa viti havikutosha, nawashukuru kwa kuitikia mwito.

Nimeombwa nizungumzie mabadiliko ya tabianchi. Katika mikutano ya namna hii imekuwa desturi kuanza na barafu ya Kilimanjaro, ambayo wengi wetu tumeiona katika picha tu. Mimi naomba nianze na senene, ambao hakuna mtu humu ukumbini asiyeijua ladha yao. Ng'ambo ya mpaka wa Mutukula, majirani zetu Baganda wa Uganda huuita mwezi wa Novemba Museenene, yaani mwezi wa senene. Watu hawaupi mwezi jina la mdudu kwa kumwona mara moja au mbili. Ni lazima mdudu huyo awe amefika mwaka baada ya mwaka, vizazi kwa vizazi, hata mtu akisema amezaliwa Museenene, kila amsikiaye ajue kwamba siku hizo mvua ilikuwa ikinyesha. Mwezi wao wa Machi ni Mugulansigo, mwezi wa kununua mbegu. Wakikuyu wa Kenya huzitaja mvua za masika kwa jina la njahi na zile za vuli kwa jina la mwere, ambao sisi tunauita uwele, kwa sababu kila msimu ulikuwa na zao lake lisilokosea. Nao Waswahili wa pwani walihesabu mwaka wao kuanzia Nairuzi wakaugawanya kwa miongo ya siku kumi kumi, ili nahodha ajue upepo wa kusi unaanza lini na mkulima ajue atupe mbegu lini. Neno mwongo, ambalo leo tunalitumia kwa miaka kumi, katika kalenda ile lilikuwa siku kumi tu, na siku kumi zilitosha kumtofautisha aliyewahi na aliyechelewa.

Kalenda hizi zilitungwa na watu waliotazama. Zilifanya kazi kwa kuwa mvua, majani, wadudu na ndege walifika kwa pamoja, kila mmoja akimfuata mwenzake kwa nafasi inayojulikana. Leo tunapozungumza juu ya tabianchi tunahesabu milimita za mvua na nyuzi za joto, na ni sawa kuzihesabu, lakini kuna hasara ambayo vipimo hivyo peke yake havituonyeshi. Milimita za mwaka zinaweza kutimia kama zamani, huku ule mfuatano wa viumbe ukiwa umekatika. Hilo ndilo ninalotaka tulitazame pamoja.

Kiumbe hawezi kungoja mpaka chakula kiwe tele ndipo aanze kujenga kiota, kubeba mimba au kufungua chipukizi. Kazi hizo huchukua majuma, wakati mwingine miezi, na akizianza chakula kikiwa tayari, watoto wake watazaliwa chakula kimekwisha. Kwa hiyo hutazama jambo jingine linalotangulia na kulichukua kama mjumbe: urefu wa mchana, ubaridi wa usiku, au mvua ya kwanza baada ya kiangazi. Mjumbe huyo ameaminiwa kwa maelfu ya miaka kwa sababu habari alizozileta zilikuwa za kweli. Mabadiliko ya tabianchi hayajamzuia mjumbe kufika. Anafika, anapiga hodi, anapokewa kama zamani, na habari zake haziwi.

Mfano uliochunguzwa kwa kina unatoka Uholanzi, nchi ambayo urefu wa mchana wake wa Desemba haufiki saa 8 na ule wa Juni unazidi saa 16. Huko kuna ndege mdogo, dume lake jeusi na jeupe, mla wadudu, ambaye huukimbia msimu wa baridi akaja kukaa Afrika Magharibi, kisha hurudi kaskazini kutaga. Anaondoka Afrika kwa kufuata saa iliyo mwilini mwake pamoja na urefu wa mchana, na mambo hayo mawili hayajabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kule anakokwenda. Joto la machipuo linawahi, miti ya mialoni inatoa majani mapema, na viwavi wanaoyala majani hayo wanafikia kilele chao na kupungua mapema vilevile. Mwaka 2001 watafiti Christiaan Both na Marcel Visser walionyesha kwamba ndege huyu alikuwa amejaribu kutaga mapema zaidi baada ya kufika, lakini tarehe ya kufika kwake ilimbana asiweze kuwahi vya kutosha. Miaka 5 baadaye Both na wenzake wakaripoti kwamba katika misitu ambako viwavi huwahi zaidi, ndege hao walikuwa wamepungua kwa takribani asilimia 90 katika muda wa miaka 20. Msitu ulikuwepo, viwavi walikuwepo, ndege alifika salama baada ya kuivuka Sahara. Alichelewa kwa siku chache tu.

Sasa turudi kwetu. Hapa Bukoba tuko karibu mno na mstari wa ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na mchana mfupi kuliko yote haifiki dakika kumi kwa mwaka mzima. Mti wa hapa hauwezi kuutegemea mchana kama mwaloni wa Ulaya, na hatuna theluji ya kutuambia kwamba majira yamegeuka. Saa yetu ni mvua. Kumbikumbi huitambua mvua ya kwanza iliyolowesha kichuguu barabara, wakatoka jioni moja kwa maelfu, na kila mtoto wa kijijini anajua mahali pa kuweka beseni. Kiumbe wa kaskazini ana wajumbe wawili, mchana na joto, na mmoja akipotoka mwingine humsaidia walau kidogo. Wetu wengi wanategemea mmoja.

Nawaomba mnivumilie nikae kidogo kwenye kahawa, kwa sababu ndiyo inayosomesha watoto wengi waliomo humu. Kahawa ya Kagera kwa sehemu kubwa ni robusta, ile ambayo wazee wetu waliichemsha pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakaikausha na kuitafuna, muda mrefu kabla ya mkoloni kuja kuipima kwa kilo. Vichomozo vya maua yake hutungwa mapema kisha husinzia wakati wa ukavu. Ukavu huo unahitajika, kwa kuwa ndio unaovikomaza. Ikinyesha mvua ya kutosha, vichomozo huamka kwa pamoja, na baada ya takribani juma moja shamba zima huwa jeupe na harufu yake humfikia mpita njia barabarani. Maua hayo hudumu siku mbili tatu tu. Tena robusta ina sharti ambalo arabika haina: ua haliwezi kushika tunda kwa chavua ya mti wake lenyewe. Linahitaji chavua ya mti mwingine wa ukoo tofauti, iletwe na upepo au na nyuki, katika siku hizo hizo mbili tatu.

Tazameni basi mvua inapokuja kwa vipande. Manyunyu ya katikati ya kiangazi yanaamsha theluthi ya vichomozo, kisha jua linarudi kwa majuma matatu. Mvua nyingine inanyesha upande mmoja wa kilima na kuuacha mwingine. Mti wangu unachanua leo, wa jirani unachanua baada ya siku kumi, na nyuki wanakuta maua machache hapa, machache pale. Maua mengi yataanguka bila kushika tunda, ingawa mkulima atakuwa ameona maua mengi tu na atajiuliza kuna laana gani shambani kwake. Yale yatakayoshika yataiva kwa nyakati tofauti, kwa hiyo mchumaji atarudi kwenye tawi lile lile mara nne au tano, au kwa kuchoka atalikamua lote na kuchanganya mbivu na mbichi, na bei itashuka mezani kwa mnunuzi. Zaidi ya hayo, yule mdudu mdogo mweusi atoboaye matunda ya kahawa, ambaye zamani alikutana na miezi mitupu isiyo na tunda la kumlisha, sasa anapata tunda la umri unaomfaa karibu mwaka mzima. Kwa wenzetu wanaolima arabika pigo limekuja kwa njia nyingine pia: utafiti uliochapishwa mwaka 2015 juu ya arabika ya Tanzania ulikadiria kwamba kila nyuzi moja inayoongezeka katika joto la usiku inapunguza mavuno kwa kilo 137 hivi kwa hekta. Usiku ndio unaopanda joto kwa kificho, maana mkulima amelala.

Kutoka hapa twende mashariki, Serengeti. Nyumbu wapatao milioni 1.3 huzaa kwenye tambarare za kusini, kuelekea Ndutu, na idadi kubwa ya ndama huzaliwa katika majuma mawili au matatu ya mwezi wa Februari hivi. Kuzaa kwa pamoja ni kinga: simba na fisi hushiba, na ndama walio wengi hupona. Tambarare zile zina udongo wa majivu ya volkano, na nyasi zake fupi zina madini ya kujenga mifupa na maziwa, lakini hazina maji ya kudumu, kwa hiyo zinalika wakati wa mvua tu. Mimba ya nyumbu huchukua miezi 8 na siku kadhaa. Maana yake ni kwamba jike hupandwa Mei au Juni, masika yanapokwisha, na hapo ndipo tarehe ya kuzaa inapofungwa. Kuanzia hapo hana namna ya kuirekebisha. Mvua za Januari na Februari zikikatika, makundi huacha tambarare na kurudi kwenye miti na mito, na mama mwenye mimba pevu huzaa mahali pabaya au hunyonyesha kwa nyasi hafifu. Nyumbu wameshavumilia miaka mibaya mingi, nami sisemi kwamba wanakwisha. Nasema kwamba mnyama huyu ametoa ahadi miezi 8 kabla, kwa kuiamini mvua ambayo bado haijanyesha, na sisi tunaongeza kila mwaka uwezekano wa ahadi hiyo kuangukia patupu.

Kwelea naye ana hesabu yake. Kiangazi huokota mbegu za nyasi zilizodondoka ardhini. Mvua nzito ya kwanza ikinyesha, mbegu zote huota kwa siku chache, na chakula chake hugeuka kuwa majani asiyoyala. Mtaalamu Peter Ward alieleza mwaka 1971 kwamba hapo ndege hawa huruka juu ya mvua inayokuja na kutua kule ilikotangulia kunyesha majuma kadhaa nyuma, ambako nyasi mpya zimeshatoa mbegu, kisha hurudi taratibu wakitaga njiani. Fikirini mvua ya udanganyifu: inaotesha mbegu, inakatika, miche inakauka, na pori linabaki bila mbegu za zamani wala mpya. Kwelea aliyekosa nyasi hutua kwenye mtama, uwele na mpunga. Januari 2023, baada ya misimu ya ukame mfululizo, wakulima wa mpunga wa Kisumu walivamiwa na mamilioni ya ndege hao. Tunamwita mwizi, na kwa mwenye shamba ni kweli ameiba, lakini sayansi inatutaka tuulize ghala lake mwenyewe lilichomwa na nani.

Wako pia viumbe wanaonufaika na vurugu hizi, na ni vibaya kuwasahau. Nzige wa jangwani hamngojei mwongo wala mwezi. Anangoja mchanga mbichi popote utakapotokea. Vimbunga viwili vya mwaka 2018 viliinywesha Robo Tupu, lile jangwa kuu la Arabuni, ambako hapakuwa na mtu wa kutazama, kisha vuli ya mwaka 2019, iliyochochewa na joto lisilo la kawaida la upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, ikaendelea kunyesha hadi Januari. Kenya ikapata uvamizi wa nzige ambao haukuwa umeonekana kwa miaka 70.

Kuna jambo moja la Gabon ambalo limenikaa moyoni tangu nilipolisoma. Katika hifadhi ya Lopé watafiti wamekuwa wakikagua miti ile ile kila mwezi tangu miaka ya 1980. Mwaka 1993 Caroline Tutin na Michel Fernandez waliandika kwamba baadhi ya miti ya pale haitoi maua isipokuwa usiku wa kiangazi upoe hadi kufikia takribani nyuzi 19. Mjumbe wao ni ubaridi huo mdogo. Usiku umeendelea kupata joto, na taarifa iliyotolewa mwaka 2020 ilionyesha kwamba ndovu wa Lopé, ambaye mwanzoni mwa kumbukumbu hizo angekuta tunda bivu katika mti mmoja kati ya kumi, sasa atapita zaidi ya miti 50 kabla ya kulikuta. Picha zao zilipolinganishwa, hali ya miili ya ndovu hao ilikuwa imedhoofu kwa asilimia 11 kati ya mwaka 2008 na 2018. Msitu ule bado umesimama. Ukiupita kwa ndege utauona wa kijani vilevile. Watafiti wenyewe wanahadhari wasitaje sababu moja tu, ila wanalishuku joto la usiku, na tusingelijua hata shaka hiyo kama watu hawangerudi kwenye mti ule ule, mwezi baada ya mwezi, kwa zaidi ya miaka 30.

Wakulima mtaniuliza mvua yenyewe imefanya nini. Kwa masika ya Afrika Mashariki kuna jibu linaloeleweka. Tangu miaka ya 1980 hadi karibu na mwaka 2010 masika yalipungua, na Caroline Wainwright na wenzake walipochunguza mwaka 2019 walikuta kwamba upungufu ule ulitokana na msimu kufupika: ulianza kwa kuchelewa na ukakatika mapema. Ndani ya msimu wenyewe mvua haikuwa imelegea. Wazee mliokuwa mkisema kwamba masika yamekuwa mafupi, na mkaambiwa kwamba mnasahau, mlikuwa mkisema kweli. Baadaye kukaja misimu 5 mfululizo ya mvua haba katika Pembe ya Afrika, kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020 hadi mwishoni mwa 2022, na mara tu baada yake vuli ya mafuriko ya mwaka 2023 na masika ya mafuriko ya mwaka 2024. Wastani wa miaka hiyo ukiandikwa kwenye karatasi unaweza kuonekana mzuri. Mahindi, kahawa na kumbikumbi hawaishi kwenye wastani.

Nirudi kwa senene, maana niliwaahidi. Wakamataji wa Masaka na sehemu nyingine za Uganda wamelalamika katika miaka ya karibuni kwamba mapipa hayajai kama zamani na kwamba majira hayaeleweki. Hapa kwetu mmeniambia maneno kama hayo nikiwa bado mlangoni. Hata hivyo siwezi kusimama mbele yenu nikasema kwamba ni tabianchi peke yake. Senene huishi kwenye nyasi na hula mbegu zake. Nyanda za nyasi zimelimwa, mabwawa yamekaushwa, na taa kali na mabati vimesambaa kiasi kwamba tunawavua kabla hawajataga. Mambo haya yamefungamana, na kuyatenganisha kunahitaji kitu ambacho hatuna: tarehe zilizoandikwa. Nikiuliza senene walianguka lini mwaka 1985, mmoja atasema Novemba, mwingine atasema karibu na Krismasi, na wote wawili ni watu wakweli.

Wajapani wana kumbukumbu za kuchanua kwa micheri ya Kyoto zinazorudi nyuma hadi karne ya 9, ndiyo maana mwaka 2021 ilipochanua kikamilifu tarehe 26 Machi waliweza kusema kwamba imeivunja rekodi ya mwaka 1409. Huko Norfolk, Uingereza, Robert Marsham alianza mwaka 1736 kuandika siku ya kwanza ya kila ishara ya machipuo shambani kwake, na ukoo wake ukaendelea na kazi hiyo hadi karne ya 20. Hakuwa na chombo chochote zaidi ya macho, kalamu na subira. Kenya, pale Ngulia katika Tsavo Magharibi, tangu mwaka 1969 ndege wahamiaji wanaoshuka kwenye ukungu wa Novemba na Desemba wamekuwa wakivishwa pete na kuandikwa. Hiyo ni moja ya hazina chache za namna hiyo tulizo nazo katika ukanda huu, na inahusu ndege wanaopita. Kuhusu wenyeji wetu, mkahawa, mwembe, kumbikumbi na senene, kumbukumbu zetu ziko katika majina ya miezi na katika vichwa vya wazee, na wazee wanatuaga.

Kwa hiyo ombi langu kwa walimu ni dogo. Kila shule ichague mikahawa mitatu, mwembe mmoja na kichuguu kimoja, iviwekee alama, na isibadilishe. Wanafunzi waandike tarehe ya ua la kwanza kufunguka, tarehe ya jioni ya kwanza ya kumbikumbi, usiku wa kwanza wa senene kwenye taa, na kila siku ambayo mvua imeacha maji katika kopo lililowekwa uwanjani, wakiyapima kwa rula. Siku ambayo hawakutazama waandike kwamba hawakutazama, wasijaze kwa kukisia. Mwaka ambao mti haukuchanua kabisa uandikwe hivyo, maana kule Lopé kurasa zilizojaa neno hakuna ndizo zilizozungumza zaidi. Wazee nawaomba mje shuleni mara moja kwa msimu mseme mlichozoea kuona na wakati wake, na maneno yenu yaandikwe kwa Kihaya kama mlivyoyasema. Na daftari hilo libaki shuleni, katika kabati la mwalimu mkuu pamoja na rejista, kwa sababu walimu tunahamishwa na mikahawa haihami.